Mlango wa Maiti kwa Akina Gollop

Nyumba ya akina Gollop ilijengwa na watu wafupi wasionenepa. Kuta ni za mawe, nene kama urefu wa mkono, na paa la mabua ya ngano limeshuka mpaka kwenye vidirisha ambavyo hata paka hupita kwa kujibana. Ngazi ya mawe inazunguka kando ya bomba la moshi, na Mavis, bibi wa nyumba, huipanda ubavu ubavu. Halmashauri imekataza isiguswe, ati ni ya kihistoria. Hao wanaokataza wanakaa kwenye nyumba zenye lifti.

Kwa hiyo mumewe, Perce, alipoanguka chumbani ghorofani akavunjika nyonga, machela haikupita. Wahudumu wawili wa gari la wagonjwa walijaribu mara mbili, wakaambulia kukwaruza ukuta. Midomo ya mzee ilikuwa imeanza kupauka.

"Mama, hakuna njia nyingine?" aliuliza mmoja wao, Keir. "Huyu hawezi kusubiri."

Mavis alisukuma zulia kwa mguu. Chini yake kulikuwa na mlango wa sakafuni, unaofungukia jikoni, chini. Wajenzi walijua ngazi haipitishi jeneza, wakaacha tundu. Humo alishushwa babu yake Perce, kisha baba yake, kisha shangazi mmoja mnene aliyekwama nusu saa.

"Sipiti hapo," Perce alisema. "Hapo wanapita maiti."

"Kwani wewe umebakiza nini?"

"Mavis, sitaki."

Hakuwa anatania. Machozi yalimlengalenga, na Mavis akaingiwa na hofu ya kweli.

"Basi nifungeni mimi kwanza," aliwaambia wahudumu.

Keir akateremka jikoni kupokea. Mwenzake akazungusha kamba kwenye boriti, akamshusha bibi na aproni yake mpaka juu ya meza, karibu na siagi.

"Nimefika, na bado nahema," Mavis alimwambia mumewe kwa sauti. "Shuka, mwoga wewe."

Perce akashushwa kwenye machela, amefunikwa blanketi, akitukana kamba, halmashauri na marehemu wote wa ukoo. Alipofika katikati ya tundu, sauti ikakatika.

Miaka hamsini na miwili Mavis alikuwa akimkanya matusi. Sasa akashika meza.

"Perce," aliita. "Tukana, mume wangu. Tukana chochote."

Keir akanyoosha mikono kupokea machela.

"Ngoja kwanza," sauti ikatoka chini ya blanketi. "Naangalia utando wa buibui kwenye dari lako. Mwanamke mchafu wewe."

Mavis akaangua kilio mbele ya wageni, akamsihi aendelee.