Cheti cha Derek

Kaka yangu Derek ni nahodha mwenye cheti. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana yeye mwenyewe alimwambia hivyo kila aliyepita kwenye gati letu tangu barafu ilipoyeyuka ziwani. Kadi ya cheti aliifunika kwa plastiki, akaitia kamba, akaivaa shingoni hata akienda kununua maziwa.

Jambo moja tu hakulisema: mtihani hakuufanya yeye. Sheria yetu inawasamehe waliozaliwa zamani, ndiyo maana baba yetu, ambaye huligonga gati lile lile kila kiangazi, haulizwi cheti na mtu. Serikali inaamini uzee ni elimu. Derek, masikini, alichelewa kuzaliwa. Basi akafungua kompyuta jikoni, akasoma ukurasa mmoja, akapiga miayo, akamwita mkewe.

"Maren, hebu nimalizie hii. Soseji zangu zinaungua huko nje."

Soseji ziliungua wiki nzima. Jioni baada ya jioni wifi yangu Maren alikaa pale mezani akasoma yote: boti ipi ipishe ipi, watu wakae vipi isije ikaelemea upande mmoja, mtu akitumbukia majini ufanye nini kwanza. Akafaulu bila kukosa swali hata moja. Kadi ikaja, jina la Derek, na Derek akapokea pongezi bila haya.

Sasa sikia. Boti yenyewe si ya Derek. Ni ya marehemu baba yake Maren, boti bapa inayoelea juu ya mapipa mawili marefu ya bati, na mzee alimwachia binti yake, hakumwachia mkwe. Kila tarehe nne ya Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, tunazunguka ziwa kwa gwaride la boti zilizopambwa, waamuzi gatini wakichagua iliyopendeza, na usukani ulikuwa wa mzee miaka yote. Huu ulikuwa mwaka wa kwanza bila yeye. Maren alitaka kitu kimoja tu: apite mbele ya waamuzi na boti ya baba yake, akiiendesha mwenyewe.

"Leo niachie mimi," alimwambia Derek asubuhi, tukifunga vitambaa.

"Ningekuachia, mpenzi. Lakini chama cha ziwa kimesema dereva awe na cheti." Akaigonga kadi kifuani. "Unacho?"

Maren akamtazama. Mimi nikamtazama. Derek akajitia hamnazo, akaanza kumjaza hewa tai wa plastiki, ndege wa taifa, mwenye ukubwa wa ndama.

"Kwa nini hukufanya na mtihani wako?" nilimuuliza wifi yangu pembeni.

"Nilichoka, wifi. Nikadhani siku ikifika atakumbuka nani alisoma."

Kuna kamba moja nyekundu pale kwenye usukani. Dereva anajifungia kiunoni, ili akianguka majini kamba ichomoke na injini izime. Derek aliiona inafaa sana kumfungia tai kwenye reli.

"Hiyo kamba ni yako wewe, siyo ya tai," Maren alisema.

"Nani ana cheti hapa?"

Majaketi ya kujiokolea nayo yalikuwa mahali pazuri: chini ya kiti, chini ya sanduku la bia, chini ya saladi yangu ya viazi. Maren alilivuta moja akalivaa. Derek akamcheka, eti anaogopa maji ya kwao.

Tulikwenda vizuri, sisi watatu na tai, mpaka tulipokaribia gati la waamuzi. Hapo nahodha wetu akaona kupunga mkono akiwa ameketi hakutoshi, akapanda akasimama juu ya kiti. Likaja wimbi dogo la boti ya mbele, wimbi la kumtikisa bata. Derek akaenda majini mzima mzima. Tai akabaki salama kabisa. Laiti angeanguka huyo tai, injini ingezima papo hapo.

Hapo sikucheka tena. Usukani ulijizungusha, boti ikaanza kugeuka, na injini ya nyuma, yenye visu vinavyozunguka majini, ikawa inamrudia kaka yangu. Maren aliruka, akaikamata ile kamba nyekundu, akaing'oa. Injini ikazima. Akamrushia Derek boya.

"Usipigepige maji kwa mikono. Shika tu, nakuvuta."

Akapandishwa kwa ngazi, anatapika ziwa. Kadi shingoni haikulowa hata kidogo.

Askari wa doria ya maji, Nygaard, alikuwa ameshafika ubavuni mwetu. "Dereva nani?"

"Mimi," Derek alisema.

"Basi wewe mwenye cheti, niambie. Kamba hii hufungwa wapi?"

Derek alimtazama tai. Tai hakumsaidia. Nilimwangalia Maren, angesema neno moja tu mambo yangeisha, na mumewe angeaibika mbele ya ziwa zima. Yeye akaikunja kamba ya boya, macho kwenye usukani wa baba yake.

"Sikusoma mimi," Derek alinong'ona. "Alisoma yeye."

"Sema kwa sauti, injini yangu inanguruma."

"Alisoma mke wangu! Mtihani wote! Mimi sijui kitu!"

Waamuzi walisikia. Nadhani na mji wa pili walisikia. Nygaard akanyoosha mkono, Derek akaivua kadi mwenyewe.

"Basi humu hamna mwenye cheti," askari alisema. "Nitawavuta hadi kwenu. Lakini boti ikivutwa, lazima mtu ashike usukani iende sawa." Alimtazama Derek. Akanitazama mimi, nikaitazama saladi. "Mama, utaweza?"

"Nitaweza," Maren alisema.

Njia ya kwenda kwetu hupita mbele ya waamuzi, na Nygaard hakuwa na haraka. Maren alisimama pale alipokuwa akisimama mzee, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Alipofika mbele yao akainua mkono mmoja, na ule mwingine haukutoka usukanini. Watu wote gatini wakasimama.

Derek alikuwa ameketi mbele, ndani ya jaketi la mtoto, maana ndilo lililobaki.

"Mtihani huo," aliuliza polepole, "ni mrefu sana?"

"Utauona," Maren alisema. "Soseji nitachoma mimi."