Vifuu vya Fakihi

Siku Fakihi alipofariki, majirani wa Mitwero walifika kabla maiti haijarudi kutoka hospitali. Walifagia ua, wakatandika majamvi, wakainjika wali wa matanga. Kando ya ukuta walikuta vifuu vya nazi vimepangwa mstari mrefu, kila kimoja kina nati na bolti zake. Wakazimimina zote kwenye ndoo moja, watu wasije wakazikanyaga. Vifuu wakavitia motoni.

Mboni, mkewe, alikuwa chumbani akilia, hakuona.

Kwa miaka sita Fakihi alikuwa akilifufua gari dogo la Kiingereza la viti viwili, lililotelekezwa shamba la mkonge. Alilifungua lote, akalipaka kijani, akalishonea viti vipya. Hakuandika kitu. Mpangilio wa vile vifuu ndio uliomwambia kipi kinarudi wapi. Alimwahidi Mboni kwamba wangekwenda nalo Kilwa kwa dada yake.

Baada ya arobaini alikuja Bashiru, fundi, rafiki wa marehemu. Akachota nati kiganja kizima.

“Shemeji, Fakihi alijua kila moja ilikotoka. Mimi najua tu kwamba ni nati.”

“Jaribu, shemeji.”

Alijaribu siku nne. Milango ilikaa, injini ikamshinda.

“Nani alizimwaga hizi?”

“Waliokuja kunizikia mume. Nimlaumu nani?”

Bashiru alinawa mikono, akaaga.

Gari lipo uani, limefunikwa turubai. Ndoo iko chini ya kitanda, na kila mwezi Mboni huzipaka nati mafuta zisishike kutu.