Jina la Nyumbani

Bi Dirisha aliomba mtu, akaletewa mbwa. Hivyo ndivyo alivyolieleza jambo lenyewe kwa kila aliyemuuliza, na waliomuuliza hawakuwa wengi.

Hilo la Bi Dirisha si jina la kuzaliwa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa nyuma ya dirisha la kadi hospitalini, akiita wagonjwa mmoja mmoja. Alikuwa na sauti, jamani. Mtu aliyetoka kununua maji alijisikia anaitwa akiwa ng'ambo ya barabara, akarudi mbio na chenji hajachukua. Siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani na maneno matamu, akarudi navyo nyumbani, na ile sauti ikakosa kazi. Ukikaa peke yako kwenye vyumba vitatu utamwita nani? Kuna wiki zilipita hajatamka neno zaidi ya "marahaba" mbili tatu za kwenye ngazi.

Binti yake wa pekee alikuwa mbali, mwaka wa nne sasa, akiwahudumia wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee. Bi Dirisha alikuwa na lake la kusema kuhusu hilo, lakini alilimeza. Mkataba wa binti uliandikwa kwamba unaisha mwezi wa kumi na mbili, na chumba chake kilikuwa tayari. Shuka za kitanda kile zilifuliwa kila mwisho wa mwezi, ingawa hakuna aliyezilalia.

Mbwa alikuja mwezi wa tano, ndani ya kikapu cha sokoni, amebebwa na rafiki wa binti yake anayeuza miwani.

"Mwanao ametuma, mama. Amesema atakuchangamsha."

Bi Dirisha alichungulia kikapuni. Kilikuwa kijibwa cha kike, cha kuenea kwenye beseni la kuoshea vyombo, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alimtazama mgeni, mgeni naye akamtazama, kisha mgeni akapiga chafya.

"Huyu ndiye alinde nyumba? Paka akikohoa si atazimia?"

"Si wa kulinda, mama. Ni wa kukaa naye."

"Wa kukaa naye," Bi Dirisha alirudia, kama mtu aliyeandikiwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Jina hakumpa. Si kwamba alilikosa. Mtu aliyeita majina ya watu miaka yote hiyo hawezi kushindwa na kijibwa. Alikataa tu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Asiye na jina ni mgeni, na mgeni huondoka. Ukishampa jina umemwambia akae, na ukimwambia akae umekubali kwamba ndiye uliyeletewa badala ya yule uliyemwomba. Kwa maneno mengine, umekubali kwamba binti harudi. Hilo Bi Dirisha hakuwa tayari kulikubali. Basi akawa anamwita "wewe", na siku za hasira, "wewe nawe".

Fundi viatu mwenye kibanda chini ya ngazi alijitolea kumsaidia, bila kuombwa.

"Muite Jemedari."

"Jemedari wa nini? Jana amemkimbia mende."

"Basi Pamba."

"Pamba haiibi soksi."

"Muite Mheshimiwa. Anakula, analala, na kazi hatuioni."

Hapo Bi Dirisha alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alipofika juu na kufunga mlango, kicheko kilikuwa kimeisha, na kijibwa kilimkodolea macho kikingoja kuambiwa chochote.

Kila Jumapili saa kumi jioni simu ililia.

"Shikamoo, mama. Umempa jina?"

"Marahaba, mwanangu. Nalifikiria."

"Miezi mitatu, mama!"

"Hata wewe mimi na marehemu baba yako tuligombana wiki nzima ndipo ukapata."

Na kila binti alipovuta pumzi akaanza, "Mama, kuhusu mkataba wangu," Bi Dirisha alikumbuka ghafla kwamba ana sufuria jikoni. Sufuria hiyo ilikuwa na balaa, iliungua kila Jumapili saa kumi na robo. Akishakata simu alikaa kitandani na kujiambia kwamba mtoto alitaka tu kumtajia tarehe ya safari. Alijua anajidanganya, na alijidanganya hivyo hivyo.

Kilichomfikisha pabaya ni sindano. Kwenye zahanati ya wanyama, chanjo ya kwanza ilikuwa imepita kwa huruma. Karani, msichana mwenye kalamu sikioni, aliacha mstari wa jina wazi kwenye kadi, akaonya kwamba ya pili hapewi asiye na jina. "Andika Kijibwa," Bi Dirisha alimwambia. "Mama, hilo si jina," karani alimjibu, na Bi Dirisha, kwa jinsi alivyoipenda kazi yake ya zamani, hakuweza kumlaumu.

Siku ya chanjo ya pili alikaa kwenye benchi, kijibwa mapajani, katikati ya mwanamume aliyempakata paka na mama mmoja mwenye kuku ndani ya boksi. Alikuwa amekata kauli: Pamba. Jina lisilo na maana yoyote kwake, jina la kupita nalo dirishani na kulisahau. Karani aliinua kichwa, akasema, "Haya mama, jina?" Wakati huohuo mtu akafungua mlango wa nje, pikipiki ikapiga honi, na kijibwa kikachomoka mapajani kikielekea barabarani.

"Kinda! Rudi hapa!"

Sauti ya dirishani ilitoka nzima nzima. Mwenye kuku aliruka na boksi lake. Kijibwa kikasimama kizingitini, kikageuka, kikarudi mbio na kukaa miguuni pa Bi Dirisha. Kilikuwa hakijawahi kumtii hata siku moja.

Kinda ni binti yake. Alizaliwa mdogo, wa kuenea kwenye viganja viwili, na tangu siku hiyo akawa Kinda. Shuleni alikuwa na jina lingine la kuandikwa, refu na la heshima, lakini hili ndilo lililomwita kula, kuoga na kutoka kwenye mvua. Tangu aondoke, Bi Dirisha hakuwa amelitamka. Kwenye simu alimwita mwanangu, kwa sababu Kinda lilikuwa jina la kuitia mtu aliye chumba cha pili, na chumba cha pili hakukuwa na mtu.

"Kumbe analo," karani alisema, akaandika kwa wino na kugonga muhuri. "Zuri. Limemkaa."

"Hapana, futa. Hilo si lake."

"Nimeshagonga muhuri, mama. Muhuri ukishagongwa hakuna kufuta."

Bi Dirisha aliutazama muhuri. Maneno hayohayo yeye amewaambia watu miaka thelathini na mmoja, na uso mkavu vilevile.

Alirudi nyumbani aibu imemjaa. Mbwa na jina la mtu! Kuna majirani wamekosana maisha kwa sababu mmoja alimpa mbwa jina linalofanana na la mama mkwe wa mwenzake. Yeye amempa la mwanawe wa kumzaa, tena kwa wino. Kadi aliificha chini ya kitambaa cha meza. Kisha akajaribu kurekebisha mambo. "Pamba!" aliita. "Jemedari! Mheshimiwa!" Kijibwa hakikugeuza hata lile sikio lililosimama. Kilikuwa kimeshapata jina, na hakikutaka jingine.

Jumatano alipokuwa anatoa takataka, kijibwa kilimpita mlangoni, kikashuka ngazi mpaka chini. Bi Dirisha alitoka barazani, akatazama huku na huku kama mwizi, kisha akaita.

"Kinda! Panda juu!"

Kijibwa kilipanda. Nyuma yake akapanda fundi viatu, nyundo mkononi, meno yote nje.

"Bi Dirisha, hongera! Nimesikia unamwita. Amefika lini? Mbona kanipita kimya kimya, hata salamu?" Alikuwa ananyoosha shingo kutazama ndani, kwenye korido. Alimjua Kinda tangu anapanda ngazi zile kwa magoti.

"Bado," Bi Dirisha alisema. "Bado hajafika."

"Lakini nimesikia kwa masikio yangu..." Fundi alimtazama kijibwa aliyesimama katikati yao akitikisa mkia. Akamtazama Bi Dirisha. Akaitazama nyundo. "Aa," alisema, "masikio yenyewe yamezeeka. Yananisikilizisha mambo." Akashuka, polepole kuliko alivyopanda.

Bi Dirisha alifunga mlango na kulia. Hakulia kwa ajili ya aibu. Aibu alikuwa ameshaizoea. Alilia kwa sababu fundi alipouliza amefika lini, kabla hajamaliza maneno yake, yeye mwenyewe aligeuka kutazama korido.

Jumapili saa kumi simu ililia. Hakuipokea mara moja. Alijifuta mikono kwanza, ingawa ilikuwa mikavu.

"Shikamoo, mama. Umempa jina?"

"Marahaba. Tuachane na jina. Ulikuwa na la kusema kuhusu mkataba."

Binti hakuwa amejiandaa kusikilizwa.

"Nimesaini tena, mama," alisema mwishowe. "Miaka miwili."

Kumbe alikuwa analijua, na bado lilimchoma. Bi Dirisha aliegemea ukuta wa korido.

"Umesaini lini?"

"Mama..."

"Nimekuuliza lini."

"Mwezi wa nne."

Mbwa amekuja mwezi wa tano. Haikuhitaji karani kuijumlisha hiyo.

"Kwa hiyo huyu mbwa ni wa kunifunga mdomo."

"Sivyo, mama. Nilishindwa kukuambia. Nikasema nikuwekee mtu kwanza, usiwe peke yako, ndipo nikwambie."

"Mtu!" Hasira ilimpanda. Alifikiria shuka zilizofuliwa tangu mwezi wa nne, zikaanikwa, zikapigwa pasi, zikatandikwa, kwa ajili ya mtu aliyekuwa ameshasaini. "Basi nisikilize. Jina nimempa. Nimempa lako."

Alilisema ili liume, tusidanganyane. Na likishatoka halirudi. Akaitoa simu sikioni kuangalia kama haijakatika.

"Lipi?" binti aliuliza taratibu. "La shule au la nyumbani?"

"La nyumbani."

Ikaja sauti aliyodhani ni kicheko. Alisikiliza vizuri, akaona si kicheko.

"Mwanangu, si kwa kutaka. Alitaka kukimbilia barabarani, nikaropoka. Nitamtafutia lingine. Nitakwenda kuomba kadi mpya."

"Usiombe." Binti alipenga kamasi. "Mama, huku hakuna anayenijua kwa hilo. Hata lile la shule limewashinda, wamelikata, wananiita kwa kipande. Wazee wenyewe wananiita jina la aliyekuwepo kabla yangu, na mimi naitika, nitafanyaje? Miaka minne sijaitwa."

"Si nakuita kila Jumapili?"

"Unaniita mwanangu. Hujaniita." Akavuta pumzi. "Yuko wapi huyo mbwa?"

"Jikoni."

"Hebu mwite. Mwite nisikie."

Bi Dirisha alisimama wima katikati ya korido, simu sikioni, milango ya vyumba vitatu ikimtazama. Mtu aliyeita mji mzima kwa majina yake alijikuta anaogopa moja.

"Kinda!"

Kucha ziligonga sakafu kutoka jikoni, mbio mbio, zikiteleza kwenye kona.

"Abee, mama," ikaitika simu.

Mbwa alikuwa ameshafika, amekaa juu ya mguu wake, anasubiri kuambiwa alichoitiwa. Bi Dirisha aliita tena.