Mkwe Nyuma ya Buldoza

Tangu tulipooana, mume wangu Gauthier aliishi mtaa mmoja na mama yangu bila kumtazama usoni hata siku moja. Si kwamba waligombana. Ilikuwa heshima tu. Kwa watu wa mama, wale wa Kasenga, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani, hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja wao anapinda. Gauthier kwao hawashiki sana mambo hayo, lakini aliyashika kuliko wenyewe. Akisikia sauti ya mama mlangoni alikuwa tayari kutorokea dirishani.

Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Mama anakaa uani, ananiita Sephora, ananiambia nimwambie bwana wangu kwamba bati la jikoni linavuja. Bwana wangu yuko nyuma ya mlango, amesikia kila neno, lakini anangoja mpaka nimwambie. Kisha ananituma nimwambie mama kwamba atapanda kesho. Mama naye amesikia, anatazama kuku kama vile hajasikia. Nilichoka nao, na niliwapenda, na mara nyingi nilikuwa nageuka pembeni nicheke.

Desturi hiyo ina mwisho wake. Siku moja ndugu wa mke wanapika vyakula vingi, wanavipeleka kwa mkwe kwa nyimbo na vigelegele, na tangu hapo mkwe ameingizwa: anaweza kukaa na mama mkwe, kula naye na kuongea naye. Sisi tulikuwa tumeanza kupanga siku yetu. Halafu tukampoteza mtoto, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kupika.

Uchungu ulinishika wakati wa mvua kubwa. Barabara ya kwenda maternité, hospitali ya kujifungulia, ilikuwa imekatwa na maji, pikipiki ikashindwa kuvuka, Gauthier akanibeba mgongoni akizama kwenye matope mpaka magotini. Tulifika, lakini tulikuwa tumechelewa. Alikuwa mtoto wa kike. Alipumua kidogo, akaacha. Mimi nilikuwa nimezimia, na nilipopata fahamu Gauthier na wanaume wa mtaa walikuwa wameshamzika. Maumivu yale sitayaeleza, anayeyajua anayajua.

Mwaka huu nilipokuwa na mimba tena, mama hakusema pole wala hongera. Alisema ile barabara itafunguliwa kabla ya mvua, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeifungua.

Hakuwa anajitapa. Mama yangu, Marie-Thérèse, ana buldoza. Ni mashine ya zamani ambayo marehemu baba yangu, Stanislas, aliitoa kwenye majani ambako mgodi mmoja uliitupa, akaifufua kipande kwa kipande. Mama alijifunza kuiendesha akiwa amekaa ubavuni pake, na baba alipofariki aliendelea kusawazisha viwanja vya watu kana kwamba ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Wanaume wa mtaa wetu, unaoitwa Kenya, waliokuwa wanamcheka wameshazoea, sasa wanampisha njia.

Basi akaipeleka barabarani. Ardhi yetu mwisho wa kiangazi inakuwa ngumu na nyekundu, na koleo la mbele lilikuwa linakwaruza juu juu tu, kama kijiko kwenye sufuria iliyoungua. Mama alishinda huko siku nzima, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope na hasira ambayo hakutaka iguswe. Gauthier, ambaye ni fundi wa mashine, akanituma nimwambie kwamba bila jino la nyuma tutakwaruza mpaka Noeli.

Jino hilo mafundi wanaliita ripa. Ni chuma kizito kilichopinda, kinaning'inia nyuma ya buldoza. Dereva anakiteremsha, kinaingia ardhini, kisha mashine inasonga mbele na kuipasua ardhi kutoka chini. Buldoza ya baba haikuwahi kuwa nalo. Gauthier alilipata kwenye vyuma chakavu, lilikuwa la mashine mpya zaidi, na matundu yake hayakukubaliana na ya kwetu. Akatanua, akachomelea, akachonga bushi mpya, zile pete za chuma za ndani ya matundu, akajaribu tena. Mwezi wa kumi ukaingia, jua likazidi, mawingu ya kwanza yakaanza kukusanyika jioni na kutawanyika. Kila nilipoyaona nilikuwa nashika tumbo langu.

Siku ya kulifunga, jino na fremu yake vililazwa juu ya mataruma ya reli uani kwetu. Kazi ni hivi: dereva anarudisha buldoza nyuma, taratibu sana, mpaka matundu ya mashine na matundu ya fremu yawe sawasawa. Hapo fundi anapitisha pini nene kama mkono wa mtu. Dereva hayaoni matundu kutoka kwenye kiti chake. Anaangalia mikono ya fundi: njoo, njoo, kidogo, simama. Injini inanguruma, hakuna maneno yanayosikika. Ni macho na mikono tu.

Sasa nikuulize wewe: watu wawili wasiotazamana watafanyaje kazi hiyo?

Gauthier alisimama nyuma ya mashine akampa mama mgongo. Ishara zote alikuwa anazifanya mbele ya kifua chake, vizuri kabisa, akimwonyesha ukuta. Mama naye, ili asimkodolee macho mkwe wake, aligeuza shingo nusu akatazama bomba la moshi. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Nilikuwa bado nacheka wakati buldoza ilipoisukuma fremu, fremu ikateleza juu ya mataruma, na chuma chote kile kikaanguka kando ya mguu wa Gauthier. Aliruka kwa bahati tu. Kicheko changu kikaishia hapo.

Ilibidi waiinue upya kwa winchi ya mnyororo, na hiyo ilikula asubuhi yote. Hawakulaumiana, maana wangelaumiana vipi? Mama alinituma niulize kama mguu uko salama. Gauthier alinituma nijibu kwamba uko salama. Kisha wakaamua, kupitia kwangu, kwamba ishara pia zipite kwangu. Gauthier ananionyesha mimi, mimi ninamwonyesha mama.

Nikasimama pembeni juani na tumbo langu la miezi ya mwisho, nikipunga mikono kama askari wa barabarani. Haikufaa. Ishara ilipomfikia mama, tundu lilikuwa limeshapita. Mbele, nyuma, mbele tena. Miguu ilikuwa imenivimba, nami nilikuwa na hasira na wote wawili, hasa kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa na kosa ninaloweza kumsema nalo. Halafu tumbo likakaza. Likakaza sana. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Mama alizima injini akashuka upesi kuliko nilivyowahi kumwona. Alinishika bega la kushoto. Gauthier alikuwa ameshapiga magoti kulia kwangu, amenishika mkono. Alipoona mama yuko karibu namna ile, akainamisha kichwa, akauachia mkono wangu, akaanza kurudi nyuma ili ampishe.

"Gauthier," mama akasema.

Hakuwahi kulitaja jina hilo mbele yake. Gauthier akasimama pale alipofika, macho chini.

"Usiende. Heshima yako niliionaka, iko mingi, inatosha. Chakula ya kukuingiza tutapika siku ingine. Leo uingie bila kuku. Shika bibi yako, kiisha uniangalie."

Akanishika. Kumwangalia kulimchukua muda. Aliinua macho mpaka kwenye viatu vya mama, akapumzika, akafika kwenye kitenge, akapumzika tena, kama mtu anayepanda ngazi mbovu. Mama alimngoja. Hatimaye wakatazamana, juu ya kichwa changu, na hakuna kilichoanguka kutoka mbinguni.

Tumbo lililegea. Halikuwa uchungu, lilikuwa jua na uchovu. Waliniketisha kivulini na maji, wakanikataza kuinuka, wote wawili kwa pamoja, nikaona kwamba tangu siku hiyo nitakuwa na kazi mpya ya kukemewa na pande mbili.

Mama akapanda, akawasha, akageuka mzima kwenye kiti na kumkazia macho mkwe wake. Gauthier akamgeukia, akainua mikono. Njoo. Njoo. Vidole viwili vikikaribiana: kidogo, kidogo. Ngumi: simama. Nyundo ikagonga, pini ikaingia. Upande wa pili vilevile. Lakini baada ya ngumi ya pili Gauthier alibaki amesimama na mkono juu, anamtazama mama tu, mpaka mama akapunga kuuliza kuna nini. Akatikisa kichwa, akaokota nyundo.

Asubuhi yake tulikuwa barabarani. Mama aliliteremsha jino, likasita juu ya ile ardhi nyekundu, mashine ikatetemeka, moshi mweusi ukapanda, kisha likazama. Sauti ya ardhi ikipasuka niliisikia kwenye miguu. Vibonge vikubwa vilianza kuinuka nyuma ya buldoza, majirani wakavifuata na majembe na mikokoteni, wakijaza pale palipokatwa na maji. Kufikia mchana mama alikuwa amepita mahali ambapo pikipiki ilishindwa. Hakupunguza mwendo pale. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa maternité, ndipo akazima.

Gauthier alimpelekea maji akampa mkononi. Mama akanywa yote, akaketi juu ya mnyororo wa buldoza. Nilidhani atasema juu ya barabara, au juu ya mvua. Aligeuzageuza kikombe.

"Gauthier. Ule mutoto, kati yetu ni weye tu ulimuonaka. Nilitaka kukuuliza tangu ile siku, lakini sikuwa na njia. Alifananaka na nani?"

Mimi nilikuwa nimemuuliza hivyo mara nyingi, na kila mara alinijibu kwamba hajui. Nilidhani anataka kunipunguzia uchungu.

"Sikujuaka, Mama," Gauthier akasema. "Nilimuangaliaka muzuri mbele ya kumufunika. Hakukuwa na sura ya Sephora, ao yangu. Nilitafuta, sikupata. Ni jana tu, wakati ya ile pini." Akamwinulia macho. "Ni weye, Mama. Paji, macho, ata kidevu. Nilikuwa nakuona ni kama namuona yeye."

Mama hakulia. Alikiweka kikombe chini, akafungua kitambaa cha kichwa, akajifuta vumbi usoni kwa utaratibu, paji, macho, kidevu. Kisha akatugeuzia uso, akautuliza.

"Sephora, mama, sogea," akaniambia. "Na weye uangalie."