Niliyemsemea Marietha

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine kati ya watu nitakaowataja, maana wote walikuwa na akili zao timamu, hata yule aliyetushinda. Hasa yule aliyetushinda.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, miaka ya ruksa, kila mtu akiruhusiwa kuuza kila kitu, na sisi wengine ndipo tukagundua hatuna cha kuuza. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika hapa Mungaa kwa miaka kumi na mmoja. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao, wakulima wakawapelekea wao alizeti, ushirika ukafa kama kuku wa mdondo, na mimi nikarudi nyumbani na taipureta moja mbovu niliyopewa badala ya kiinua mgongo. Niliitengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli. Nikawa naandikia watu barua za mashtaka, hati za kuuziana mbuzi, na maombi ya talaka ambayo wengine walikuja kuyachukua kabla wino haujakauka. Watu wakaanza kuniita wakili. Walinitania tu, na mimi ni mtu wa utani, nikaitika. Tatizo ni kwamba mtu akiitikia jina mwaka mzima, huanza kuliamini.

Marietha alikuwa mjane wa Leonidas Mughwai, aliyefariki mwezi wa tano mwaka huohuo. Leonidas aliacha nyumba ya tembe, mabinti wawili walioolewa mbali, na shamba la bondeni, ekari tatu, linaloshika unyevu mpaka Agosti. Zamani lilikuwa la viazi vitamu na hakuna aliyelitolea macho. Malori yalipoanza kutafuta vitunguu, likawa shamba. Matanga hayajaanuliwa vizuri, Alute, mdogo wake marehemu, akatangaza kwamba lile ni shamba la ukoo, na mwanamke asiye na mtoto wa kiume hana lake pale. Marietha akasema hapana. Lilinunuliwa kwa Isaka, kabla Isaka hajahamia Mgori, kwa ng'ombe mmoja na ndama wake, na ng'ombe yule alitoka kwa baba yake Marietha, si kwa ukoo wa Mughwai. Hakuwa na shamba lingine. Likimtoka lile, angerudi kwa kaka yake na miaka yake hamsini na mitatu, akalale jikoni kwa wifi.

Alikuja kwangu akitaka karatasi tu.

"Mtani, niandikie kwamba Isaka yupo hai na aitwe," alisema. "Mengine nitasema mwenyewe."

Nilimcheka. Nikamwambia mahakamani si kisimani, kwamba hakimu atamchanganya kwa Kiswahili cha vitabuni, yeye ambaye akikasirika maneno yote humkimbilia kwenye Kinyaturu. Nikamwambia aniachie mimi. Akauliza kama inaruhusiwa mtu kusemewa na mtu. Nikajibu nitaulizia, kwa sauti ya mtu anayejua tayari.

Karani wa mahakama ya mwanzo alinieleza huku akimenya karanga. Mahakama ile wakili haingii, hata awe na digrii tatu. Anayeweza kumsemea mtu katika shauri la madai ni ndugu yake au mtu wa nyumba yake, tena hakimu akipenda. "Wewe ni ndugu yake?" aliniuliza. Nikamwambia mimi ni zaidi ya ndugu. Akatupa maganda chini, akasema zaidi ya ndugu hakuna kwenye sheria, ila nijaribu.

Na kweli nilikuwa na hoja, au nilidhani ninayo. Ukoo wetu na ukoo wa Mughwai ni watani. Babu zetu waliibiana ng'ombe mpaka wakachoka, wakaona heri watukanane kwa kicheko. Tangu hapo, akifa mtu kwao, sisi ndio tunaoingia kaburini kwanza kupima kama limemtosha, sisi ndio tunaoficha jembe mpaka tupewe kuku, na hakuna wa kutukasirikia. Mtu wa namna hiyo, nilijiambia, hawezi kuitwa mgeni.

Nikapiga karatasi. Niliandika kwamba Marietha ameniteua nimsemee katika shauri lake lote. Mwishoni nikaongeza, kwa kuwa ilisikika vizuri, kwamba atakalosema Ignas, yaani mimi, litakuwa limesemwa na Marietha mwenyewe. Nikamsomea. Akauliza hayo ya mwisho ni ya nini. Nikamwambia ndivyo mawakili wanavyoandika. Akaweka dole gumba.

Siku ya shauri nilivaa koti la mitumba, rangi ya kahawia, la mzungu fulani aliyekuwa na mabega mawili zaidi ya yangu. Isaka alikuwa amefika kutoka Mgori kwa lori la mbao, bila kuitwa na mtu, kwa sababu tu alisikia. Alinisalimia, akasema yuko tayari kula kiapo. Ng'ombe yule anamkumbuka hadi pembe iliyovunjika. Nikamwambia akakae kwenye benchi nje, nikimhitaji nitamwita. Niwaambie ukweli. Isaka ni msemaji mzuri, na siku ile nilitaka msemaji awe mmoja.

Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mgeni wa wilaya yetu. Kulia na kushoto kwake walikaa wazee wawili wa baraza. Mmoja alikuwa Mzee Miraji, ambaye niliwahi kumwandikia barua tatu. Nikampa shikamoo kwa macho, akaipokea kwa macho.

Hakimu akasoma karatasi yangu, akauliza mimi ni nani kwa mdai. Nikasimama nikaeleza utani. Nilieleza vizuri, nakiri. Nilianza na ng'ombe wa mababu, nikapita kwenye misiba, nikasema kwamba ndugu wa damu anaweza kukataa kumzika mwenzake lakini mtani hawezi, na kwamba ukoo wa Mughwai ukikosa mtani haujui kulia. Watu kwenye mabenchi walicheka pale nilipotaka wacheke. Hata hakimu alifuta miwani. Akawageukia wazee, wakanong'ona, akamuuliza Alute kama ana pingamizi.

Alute ni mtu mpole, anayeongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Alisema hana pingamizi. Alisema mtani wetu ni ndugu kabisa, na anaomba iandikwe hivyo.

Ikaandikwa. Nilimkonyeza Marietha.

Hakimu akauliza mashahidi wetu. Nikasema Mheshimiwa, hatutegemei mashahidi, tunategemea hoja. Nikahutubia. Nilitaja haki za akina mama, nikataja mkutano ambao sikuhudhuria, nikataja kifungu cha sheria ambacho hakimu aliniuliza ni cha sheria ipi, nikamjibu ni cha ile inayohusika. Nyuma yangu nilisikia Marietha akisema taratibu, "Ng'ombe. Mwambie ng'ombe." Nikamnyamazisha kwa kiganja bila kugeuka. Ng'ombe nilikuwa nimemhifadhi kwa ajili ya mwisho.

Ikafika zamu ya Alute kuuliza maswali.

"Mtani," akasema, "siku tulipomzika kaka yangu, ulivaa nini?"

Watu wakaanza kucheka kabla sijajibu, maana kila aliyekuwepo anaikumbuka siku ile. Nilikuwa nimevaa koti la Leonidas na kofia yake ya pama, nikaegemea fimbo yake, nikakohoa kikohozi chake. Hakuna msiba niliowahi kuupamba kama ule. Waliokuwa wanalia walishika mbavu.

"Nilivaa koti la marehemu," nikasema.

"Ukasimama wapi?"

"Kaburini."

"Ukasema nini, kwa sauti ya kaka?"

Hapo ndipo nilipoona shimo, na lilikuwa la kunitosha. Nilikuwa nimesema, kwa sauti ya Leonidas: Alute mdogo wangu, umelitamani shamba la bondeni tangu nikiwa na meno, basi lichukue, mke wangu mwachieni jembe. Kila mtu alicheka. Marietha naye alicheka, akiwa amekaa chini na kaniki yake, machozi yakimtoka, akasema mtani huyu ataniua.

Nikamwambia hakimu kwamba ule ulikuwa utani.

"Utani ni mchezo?" Alute akauliza.

"Ni mchezo."

"Kwa hiyo mtani si ndugu. Ni mchezo."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akanieleza polepole, kama anayemwelekeza mtu njia. Kama utani ni mchezo, basi sina sifa ya kumsemea mdai, nikae, mama aseme mwenyewe na alete shahidi wake kama anaye. Kama utani ni undugu, kama nilivyoeleza na ilivyoandikwa, basi nilichosema kaburini kilisemwa na ndugu, mbele ya ukoo na mbele ya mjane, na mahakama itakipima.

"Chagua moja, Bwana Ignas," alisema. "Mbili huwezi."

Mlango ulikuwa wazi. Kupitia mlango ule nilimwona Isaka kwenye benchi, kofia magotini, akisubiri. Ningesema neno moja tu, mchezo, nikae, na Marietha angesimama akamtaja ng'ombe wa baba yake na Isaka angeingia na ile pembe iliyovunjika. Nilijua. Msidhani sikujua. Lakini nilikuwa nimesimama na koti, watu wote wa Mungaa wakiniangalia, na mtu aliyeitwa wakili mwaka mzima akiambiwa akae chini, hukaa chini ya kiti.

"Mimi ni ndugu, Mheshimiwa," nikasema.

Marietha akasimama. Alinyoosha mkono kama watoto wa shule, akaanza kusema kwa Kinyaturu, akajirudi, akaanza tena kwa Kiswahili kwamba yeye ana shahidi. Hakimu akainua ile karatasi. Akamsomea sentensi yangu ya mwisho, ile nzuri, akamuuliza kama dole gumba lile ni lake. Marietha akasema ni lake. Basi mama, akaambiwa, umeshasema, kaa.

Nikajaribu kumtaja ng'ombe. Hakimu akasema niliulizwa mashahidi, nikasema hatuna.

Hukumu ilisomwa baada ya chakula. Mahakama iliona kwamba ndugu alitamka kaburini, kwamba mjane alisikia na hakukataa bali alicheka, na kwamba hakuna aliyethibitisha shamba kununuliwa. Wazee wote wawili walikubaliana. Mzee Miraji aliulizwa kama ana la kuongeza, akasema yeye pia alikuwepo msibani, na alicheka sana. Shamba ni la Alute. Marietha akapewa mpaka mwisho wa mwezi kutoa vitunguu vyake, ambavyo wakati huo vilikuwa na ukubwa wa kitufe cha shati.

Nje, Alute alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alinishukuru bila kejeli yoyote. Alisema ameshaongea na tajiri mmoja wa mjini, wataanza kulima kwa trekta, na nikipenda nije niwaandikie mkataba. Nikamwambia nitafikiria. Hata sasa sielewi kwa nini nilimjibu hivyo.

Tulirudi kwa miguu, Marietha mbele, mimi katikati, Isaka nyuma. Isaka ndiye aliyeanza. Aliuliza kwa nini hakuitwa. Nikamweleza mambo ya utaratibu. Akauliza tena, kwa maneno yaleyale, kama asiyesikia vizuri. Kisha akasema ametumia siku mbili juu ya mbao ili aje kukaa kwenye benchi, na kwamba kama angejua, angekaa kwenye benchi la kwake.

Nikamwacha, nikaongeza mwendo nimfikie Marietha. Nikamwambia hatujamalizwa. Kuna siku thelathini za rufaa. Tutakwenda mahakama ya wilaya, Singida mjini, na safari hii nitaanza na ng'ombe, Isaka atakuja, karatasi nitaiandika upya bila ile sentensi. Nikamwambia kosa lilikuwa la hakimu, hajui mila zetu. Nikamwambia kule mjini mawakili wa kweli ni wakali, watamla mbichi mwanamke wa peke yake, hajui hata mlango wa kuingilia, hawezi kusimama pale bila mtu wa kumsemea, na mtu huyo si mwingine, maana nani mwingine anaijua kesi yake kama mimi. Nilisema mengi. Tulipita daraja la mawe nikiwa bado nasema.

Akasimama njiapanda ya kwenda kwake, akapanga khanga begani.

"Mjini nitakwenda na Isaka na mdomo wangu," alisema. "Wa kwako umemlimia Alute ekari tatu kwa asubuhi moja, Bwana Ignas. Nenda kwake akakupikie."