Gumboot Nyeupe Kwenye Picha ya Kumi na Saba

Umeme ulipotea Seline akiwa kwenye picha ya kumi na tano. Alikuwa amesimama juu ya stuli, ndoo chini, kitambaa mkononi, anapangusa vioo vya picha arobaini zilizotundikwa jana yake. Taa zilizima, feni ikajizungusha mara mbili ikasimama. Hakushtuka. Mwaka huo wa 1997 umeme Kisumu ulikuwa kama mgeni wa heshima, unakuja ukipenda. Lakini siku hiyo hata yeye alicheka puani, maana picha zote arobaini zilikuwa za bwawa la umeme la Chebirot, na saa kumi mchana wakubwa walikuwa wanakuja ukumbini kulisifu.

Akafungua madirisha apate mwanga, akarudi kwenye kazi. Picha ya kumi na tano ilikuwa matingatinga yakikata mlima. Ya kumi na sita, mainjinia wameinamia ramani, mmoja ananyoosha kidole kuelekea mto kana kwamba mto ni mtoto mtundu. Ya kumi na saba, vibarua tisa mbele ya mdomo wa handaki, helmeti kichwani, tope hadi vifundoni. Chini yake karatasi ya taipu ilisema: "Wafanyakazi wenye furaha, 1989."

Hakuna aliyekuwa na furaha hapo. Wanaume tisa walikuwa wamekunja nyuso kwa jua, basi. Seline akapitisha kitambaa chini ya kioo, penye miguu, akakiacha hapo hapo. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa amevaa gumboot moja nyeusi na nyingine nyeupe.

Alishuka, akaketi juu ya stuli.

Ile nyeupe aliinunua yeye mwenyewe, sokoni Kibuye, Jumapili ya tarehe kumi na mbili Machi 1989. Gumboot ya wachinjaji, ya mguu wa kushoto peke yake, kwa mama mmoja aliyekuwa na hiyo moja tu. Ya mumewe Zadock ilikuwa imepasuka, na stoo ya bwawa ilimwambia kibarua wa siku hapewi nyingine. Jumatatu asubuhi Seline akampa dereva wa lori la simiti amfikishie kule juu bwawani. Jumanne handaki likaanguka. Shirika la umeme likatangaza kwamba wamekufa watu watatu, likataja majina yao, na Zadock hakuwemo. Seline alipokwenda kuuliza alipewa barua yenye mihuri miwili: Zadock alitoroka kazi tarehe kumi Machi, na shirika halijui alipo.

Alitoroka. Mtu aliyetoroka Ijumaa, gumboot yake inapelekwa Jumatatu. Seline alisema hivyo kwa chifu, kwa D.O. wa tarafa, kwa karani wa shirika, na wote walimjibu kwamba neno la mke si karatasi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwahi kulijua shirika. Uongo huu ulikuwa umetembea miaka minane na haujachoka.

Na kilichomuuma zaidi kilikuwa nyumbani, Seme. Kwa Wajaluo, mtu akipotea majini au ardhini na mwili usipatikane, huzikwa tunda la yago mahali pake, lile refu zito kama mtoto aliyelala. Linachimbiwa kaburi, linaliliwa, na mtu anahesabiwa amerudi kwao. Lakini yago halizikwi kwa mtu aliye hai. Kufanya hivyo ni kumuua. Na barua ilisema Zadock yuko hai, ametoroka. Wengine waliongeza kwamba ana mwanamke Busia. Wazee wakakataa, na Seline hakuweza kuwalaumu. Kwa hiyo hakuwa mke, hakuwa mjane. Sokoni Kombewa walimwita mke wa mtoro, na hawakungoja apite.

Sasa Apiyo, mama mzazi wa Zadock, alikuwa kitandani, anakula vijiko viwili vya uji kwa siku. Wazee wangekaa kesho, Jumamosi, kupanga mambo yake. Yeye alikuwa na neno moja tu: hatashuka kaburini kabla ya mwanawe.

Saa saba, badala ya kula, Seline alikwenda kwa miguu hadi karibu na Kibuye, kwenye studio ya Mzee Badru. Zile picha za bwawa, kila mtu mjini alijua ndiye aliyepiga. Alimkuta peke yake anafuta lenzi, nusu ya mlango imefungwa kwa sababu ya jua.

"Mzee, ile ya vibarua tisa mbele ya handaki. Ulipiga lini?"

"Kwani kuna nini, mama?"

"Wa tatu ni bwana yangu."

Badru aliweka lenzi chini. Hakuhitaji kufikiri. "Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Saa mbili asubuhi, wakiingia shifti."

"Una uhakika?"

"Saa tano likaanguka. Nilikuwa bado niko pale. Watu wa shirika walininyang'anya filamu ya mchana, hii ya asubuhi ilikuwa mfukoni." Akatazama mikono yake. "Mwaka huu wakasema wananunua kila kitu cha bwawa, picha na negativu. Nikawauzia. Hawakuzitazama, walizihesabu tu."

"Kwa hivyo hapa hauna kitu."

"Sina. Lakini nyuma ya kila picha naandika tarehe na saa kwa wino, napiga muhuri wa studio. Marehemu baba alinifunza hivyo. Picha bila tarehe ni karatasi. Hiyo iliyo ukutani kwenu imeandikwa."

Hasira ilimpanda Seline, na nusu yake ilikuwa ya huyu mzee mpole.

"Miaka minane ulijua."

"Nilijua watu wamekufa. Majina sikujua."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza, mama," alisema Badru.

Aliporudi ukumbini, Bwana Wepukhulu alikuwa ameshafika. Huyu ndiye aliyekuwa afisa wa shirika wa kushughulikia sherehe, mtu wa tai na leso, na alikuwa anampigia kelele mtu wa jenereta. Seline alingoja amalize. Alinawa mikono kwanza. Alitaka kuomba vizuri.

"Bwana, samahani. Hii picha ya kumi na saba, naomba niende nayo nyumbani. Niwaonyeshe wazee tu. Jumatatu asubuhi iko hapa."

"Wewe si wa kufagia?"

"Ndio, bwana. Huyu hapa ni bwana yangu, Zadock. Alikufa kwa handaki."

Wepukhulu aliitazama picha, kisha saa yake. "Mama, hizi ni mali ya shirika. Andika barua kwa mkurugenzi, Nairobi. Ambatanisha kitambulisho cha mhusika."

"Mhusika alikufa."

"Basi weka cheti cha kifo."

"Cheti walikataa kunipa, bwana. Kwa sababu nyinyi mlisema hajakufa."

"Mimi sikusema kitu. Mimi nilikuja shirika mwaka wa tisini na nne."

Hapo ndipo wanapokuwaga hodari. Aliyesema ameondoka, aliyeko hakusema, na karatasi inabaki na nguvu zake zote. Seline akakosea, au labda hakukosea. Alimwambia. Alimwambia kwamba barua yao ilisema tarehe kumi, na nyuma ya hiyo picha imeandikwa kumi na nne.

Wepukhulu aliacha kuangalia saa. Aliitungua picha, akaigeuza, akabanua ubao wa nyuma kwa ufunguo wa gari. Wino wa Badru ulikuwa haujafifia hata kidogo. Alisoma, midomo inatembea. Akarudisha ubao, akaubana kwa kidole gumba mara tatu.

"Hii haina kwaliti," alisema. "Haifai mbele ya waziri. Ondoa."

"Niondoe?"

"Peleka stoo, funga. Jumatatu nitaichukua mwenyewe. Na hizo hadithi, mama, usizilete kwa watu wa magazeti. Kazi ni ngumu kupata."

Kisha akampa picha mkononi.

Yeye mwenyewe angeweza kuibeba. Gari lake lilikuwa hapo mlangoni, buti wazi. Lakini mkubwa habebi kitu wakati kuna mtu wa kubeba, na mtu wa kufagia mbele yake alikuwa kama stuli na ndoo, kitu cha ukumbi. Stuli haiendi popote. Miaka minane shirika lilimficha Zadock, na siku hiyo lilimkabidhi kwa mkewe kwa uvivu wa mikono.

"Sawa, bwana," alisema Seline.

Alipita jukwaa walipokuwa wanafunga vitambaa. Akapita jikoni. Mlango wa stoo ulikuwa kushoto, mlango wa nyuma kulia. Aliufungua wa stoo, akaweka ndoo na fagio ndani, akafunga. Akavua aprini ya bluu, akaizungushia picha. Ufunguo aliuacha umening'inia kwenye kitasa, asije akaambiwa ameiba ufunguo. Jenereta ilikuwa inaanza kunguruma alipotoka kwa mlango wa kulia, na mtu wa kumuuliza unaenda wapi hakuwepo.

Alijua Jumatatu hana kazi. Alijua wanaweza hata kumletea askari. Alilia njiani, na ilikuwa hasira tupu. Kwa miaka minane hakujua kama ile gumboot ilimfikia. Ilikuwa imemfikia. Alikufa miguu yake ikiwa mikavu, na hicho ndicho kitu kimoja alichopewa kwenye lile bwawa lote, na ni yeye Seline aliyempa.

Jumamosi asubuhi Walter, kaka mkubwa wa Zadock, alibanua ubao wa nyuma mbele ya wazee. Akasoma kwa sauti: tarehe kumi na nne Machi 1989, saa mbili asubuhi, na muhuri. Akachukua barua ya shirika, akaisoma pia. Mzee mmoja, aliyekuwa wa kwanza kutaja mwanamke wa Busia, alivua kofia.

Walimpelekea Apiyo picha kitandani. Macho yake yalikuwa yamekwisha.

"Mama, amesimama," Seline alimwambia. "Ni wa tatu."

"Amevaa kiatu?"

"Amevaa zote mbili."

Apiyo alipitisha kiganja juu ya kioo, taratibu, kama anayemfuta mtoto vumbi. "Basi waende wakate yago," alisema. "Nimechoka kungoja."

Mahali pa kaburi la Zadock, upande wa kushoto wa boma, nyaya za shirika zilipita juu kwa juu zikitoka Chebirot. Katika boma zima hapakuwa na balbu hata moja. Kwenye mguu wa mlingoti kulikuwa na kibao cha onyo: ni marufuku kuchimba hapa bila kibali. Vijana wa ukoo walisimama na majembe, wakamtazama Walter.

"Chimbeni," alisema Walter. "Wao walimzika bila kibali chetu."