Diski ya Pili ya Mtani

Mazengo alikuwa mtani, na balaa lote lilianzia hapo. Angekuwa fundi kompyuta wa kawaida, mwenye maneno ya kawaida, Munira angemsikia.

Lakini Mazengo ni Mgogo, na Munira ni Mnyamwezi wa mjini, wa ukoo wa wale waliokuja na misafara ya pembe, wakaichoka njia, wakakaa. Zamani misafara hiyo haikupita Ugogo bila kuwapa wenye nchi hongo ya njia: nguo, shanga, chochote kilichokuwamo mzigoni. Misafara ikaisha, reli ikaja, hongo ikabaki kwenye utani. Mazengo aliidai kila siku ya Mungu. Munira akipita mbele ya duka lake pale Majengo kwenda kununua mchele, anadaiwa. Akirudi anadaiwa upya, maana sasa ana mzigo.

Jumatatu hiyo alikwenda kumwomba diski yenye programu za kuendeshea kurasa za wavuti. Toleo jipya lilikuwa kwake tu. Mpwa wake alimletea kutoka Dar es Salaam.

"Chukua hii," Mazengo alisema. "Ila hii ni ya kupitia mlangoni. Draiva za databesi hazimo. Ziko kwenye diski ya pili, na diski ya pili haitoki hapa mpaka nione kuku. Babu zako walinipita bila kulipa."

"Babu zangu walikuacha hapa unachunga mbuzi, na bado unachunga," Munira alimjibu, akacheka, akaenda zake.

Diski ya pili! Wiki iliyotangulia mtu huyohuyo alimwambia kwamba kibodi za Wanyamwezi zina herufi chache kwa sababu nyingine zilidondoka njiani pamoja na mizigo. Nani angemwamini?

Kazi aliyokuwa nayo Munira haikuwa ya mchezo. Bi Mwantum, mkunga mstaafu mwenye kituo cha uzazi pale Makole, hakuitaka kompyuta kwa ajili ya fasheni. Masika yaliyopita mama mmoja kutoka Bahi aliishiwa damu hadi akakata roho, huku mtu wa kundi lake la damu akiwa nyumbani kwake, mtaa wa pili tu, anakunywa chai. Jina la mtu huyo lilikuwamo kwenye madaftari ya kituo. Lakini yalikuwa madaftari mengi na wakati ulikuwa mdogo, na hakuna aliyelifikia. Bi Mwantum alimwosha yule mama kwa mikono yake. Alipomaliza alikwenda kumtafuta Munira, binti aliyetoka kusomea kompyuta na ambaye wajomba zake walishasema ataishia kuchapa barua za watu pale stendi.

"Nataka muuguzi aandike kundi la damu, majina yatoke hapohapo, na simu zao," alimwambia. "Unaweza?"

"Naweza, Bi."

"Basi Ijumaa baada ya swala watu wanakuja kujiandikisha. Msikitini limetangazwa na kanisani limetangazwa. Nimeshawaita mara nyingi hawa, mwanangu. Nikiwaita tena halafu niwaambie rudini kesho, hawatanisikia mpaka nife. Ijumaa iwe tayari."

Munira alitengeneza ukurasa mzuri, wenye kichwa cha kijani. Aliweka programu za Mazengo kwenye kompyuta ya mapokezi, akafungua ukurasa, ukafunguka. Akaandika jina lake mwenyewe, kundi lake na simu yake, akabonyeza "Hifadhi". Kila kitu kikapotea. Ukabaki mstari mmoja juu ya weupe: draiva haikupatikana.

Draiva alizozijua yeye ni zile za kuifanya kompyuta itambue printa, au kadi ya mtandao, au kioo. Akaanza nazo hizo. Aliweka upya draiva ya kadi, akaweka ya kioo, akaweka hata ya printa ambayo kituo hakikuwa nayo. Alibadilisha neno la siri. Alizima, akawasha. Mwisho alifuta kila kitu, akaweka upya kwa diski ileile, kama mtu anayebadilisha ndoo na kisima ndicho kilichokauka. Mstari ukarudi, haukubadilika hata herufi.

Bi Mwantum alimletea chai. "Inasemaje?"

"Shikamoo, Bi. Inasema draiva haikupatikana."

"Marahaba. Na wewe umeitafuta wapi?"

Munira alikunywa chai ile kwa aibu, na usiku ule usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Alhamisi alikwenda kwenye intaneti ya Swalihu, karibu na stendi, ambako ukurasa mmoja ulifunguka polepole hadi mtu akasahau alichokuwa akitafuta. Aliandika maneno ya ule mstari. Baada ya kusubiri sana alikuta mtu wa nchi ya mbali aliyepatwa na ugonjwa uleule, na chini yake jibu la mtu mwingine. Toleo jipya, jibu lilisema, limetengwa na draiva za hifadhidata, yaani databesi. Bila draiva hiyo ukurasa hauwezi kuzungumza na mahali majina yanapotunzwa, hata kama vyote viwili ni vizima. Kifurushi kidogo hakina draiva hizo. Tafuta kile kikubwa. Zimo humo, kwenye folda yake.

Munira alilisoma jibu lile, uso ukamwaka moto. Draiva za databesi hazimo. Ziko kwenye diski ya pili. Aliambiwa neno kwa neno, na fundi, dukani, mchana kweupe!

Kukipakua kile kikubwa kwa laini ya Swalihu kungefika Jumapili, umeme ukiwa na huruma. Kumrudia Mazengo kulimaanisha kuchekwa mpaka wajukuu. Akatembea hadi kituoni akiwa amejikunyata, lakini mficha uchi hazai, na nyumba ile ilikuwa nyumba ya wazazi. Akamweleza Bi Mwantum yote, hata lile la mbuzi.

Bi Mwantum alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Sasa mtani wako kakudai, umelipa?"

"Nilijua ni utani, Bi."

"Kuku ndiyo utani. Diski haikuwa utani. Mtani hakudanganyi, mwanangu, anakuchokoza. Wewe umeshindwa kuchambua mchele na chuya." Akatoka uani, akarudi na tetea wake mwekundu, amefungwa miguu. "Haya, nenda."

Munira alipita katikati ya Majengo na kuku kwapani, na wauza nafaka wakamsindikiza kwa vicheko hadi mlangoni kwa Mazengo. Alijiandaa kwa maneno. Mazengo alimpokea kuku, akampima uzito kwa mkono kama mtoza ushuru, akafungua mdomo. Halafu akamtazama Munira usoni, akaufunga.

"Tangu Jumanne nakusubiri," alisema. "Diski hii hapa mezani. Nimekubip mara ngapi, hupigi."

"Nilidhani unadai hongo."

"Wale watu wa damu ni lini?"

"Kesho."

Mazengo hakutania. Aliwaomba radhi wateja waliokuwa wakisubiri, akashusha mlango wa duka, akamfunga kuku nyuma ya baiskeli na Munira akamfuata kwa miguu hadi Makole.

Kituoni hakukalia kiti cha Munira. Alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, akimwelekeza pale tu alipokwama. Munira alifungua diski ya pili, akaikuta folda ya draiva, akainakili ile iliyohitajika pamoja na faili mwenzake anayetembea naye. Kisha akafungua faili la mipangilio. Mstari wa draiva ulikuwamo, lakini mwanzoni mwake kulikuwa na nukta mkato, alama ya kuulaza usisomwe. Akaifuta. Akaanzisha seva upya.

"Jina?" aliuliza.

"Andika langu. Kundi O."

Akabonyeza "Hifadhi". Kioo kikasita. Kisha likatokea neno la kijani: yamehifadhiwa. Akatafuta kundi O, na jina la Mazengo likaja, na simu yake, na mtaa wake.

Munira alilaza kichwa mezani. "Alhamdulillahi," alisema, akarudia na kurudia. Bi Mwantum, aliyekuwa mlangoni muda wote, alipiga kigelegele kirefu, kilekile anachopiga mtoto akilia, na wauguzi wakatoka mbio kuuliza nani kajifungua.

"Ila mjue," Mazengo alisema akivaa kofia, "damu yangu ikimwingia Mnyamwezi, ataamka anadai mlenda wa kwetu Ugogo." Akaondoka na kuku wake.

Ijumaa foleni ilifika barabarani. Wazee wenye kanzu, vijana wa sokoni, kwaya nzima na mwalimu wao. Munira aliandika mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuna mtu aliyeambiwa arudi kesho.

Mvua zilipoanza, pikapu ilimleta mjamzito aitwaye Zipora kutoka Bahi, matope hadi madirishani. Alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukatika. Muuguzi aliandika kundi lake, majina yakatoka hapohapo. Walipigiwa simu huku Zipora anapakiwa kuwahishwa hospitali kubwa, na alipofika tayari watu watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri kutolewa damu. Wa kwanza alikuwa Mazengo. Zipora aliishi. Mtoto naye, msichana, alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa.

Siku iliyofuata Munira alikwenda Majengo. Mazengo alikuwa nyuma ya meza yake, plasta mkononi. Alipomwona akakunjua uso kwa furaha.

"Haya, Mnyamwezi! Sasa unadaiwa hongo na damu!"

Munira alisimama mbele ya meza na mikono yake imetulia.

"Kaka Mazengo," alisema. "Ahsante. Uliniambia kweli tangu siku ya kwanza, mimi ndiye sikusikia. Ukafunga duka lako. Ukatoa damu. Mama wa watu yuko hai, ana mwanawe kifuani. Ahsante sana, kaka."

Mazengo alianza kufuta meza iliyokuwa safi. Aliifuta hadi pembeni, akarudi katikati. Tangu wafahamiane hakuwa ameitwa kaka.

"Usinifanyie hivyo, mtani," alisema. "Nitukane kidogo."

"Kesho nitakutukana," Munira alisema. "Leo niache nikushukuru."

Mazengo akakiweka kitambaa chini, akamwacha amshukuru.